Mwaka Niliomwonjea Bwana Arthur

Aliyenipa habari ya kifo cha Bi Joan Ketteridge ni binti wa kaka yake, mama wa makamo ambaye sikuwa nimepata kumwona. Alinipigia simu asubuhi, akasema shangazi yake alinitaja mara kwa mara katika miezi yake ya mwisho, na kwamba wangefurahi nikihudhuria mazishi. Nikamwomba mjukuu wangu Salma anisindikize, kwa kuwa ngazi za stesheni sasa zinanishinda. Tukapanda treni kutoka Kilburn mpaka Stratford, tukakaa kiti cha nyuma kanisani kwa adabu, wao wakaimba nyimbo zao na mimi nikamwombea marehemu kimoyomoyo kwa namna niliyofundishwa. Baadaye kulikuwa na chai katika ukumbi wa kanisa, na katikati ya meza kulikuwa na bakuli la pipi za limau zenye jina la Ketteridge kwenye karatasi. Salma akala moja. Nikamuuliza ikoje. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni pipi tu, Babu, ni tamu. Nikamwambia ni kweli. Kampuni iliuzwa zamani kwa wakubwa zaidi, jina limebaki kwenye karatasi, na jengo la kiwanda sasa ni fleti za watu. Sikuona uchungu. Vitu vyote vina muda wake, na mimi nimepewa umri wa kuviona vikianza na kuviona vikiisha, na hilo nalo ni neema.

Watu wa ukumbini waliniuliza nilimjuaje marehemu, nami nikajibu kwa ufupi kwamba nilifanya kazi kwao mwaka mmoja. Jibu refu ndilo ninaloliandika hapa. Nilikotoka na jinsi nilivyofika Uingereza nimekwisha kueleza mahali pengine, na hakuna haja ya kurudia. Inatosha kusema kwamba nilikuwa kijana mwembamba, nimetoka chuoni kwa mwalimu wangu Unguja na vitabu vya fiqhi kichwani, na nilikuwa nikingoja nafasi ya masomo iliyokuwa ikichelewa. Nilipanga chumba Kilburn, ghorofa ya juu kabisa, chumba chenye kitanda, kabati lisilofunga, na jiko la gesi nililolitumia kwa zamu na wapangaji wengine. Asubuhi niliamka kabla ya wote, nikasali, nikachemsha chai, nikafunga mkate na yai ndani ya karatasi, nikashika njia ya kwenda mashariki ya mji, kwenye kiwanda cha pipi cha akina Ketteridge. Harufu ya kiwanda ilinipokea kabla sijaliona jengo. Wageni waliisifu harufu ile. Sisi tuliokaa ndani yake tuliizoea ndani ya wiki moja, tukawa tunaisikia kwenye makoti yetu Jumapili tu, tukiwa mbali nayo.

Jengo lilikuwa la matofali yaliyoingia weusi wa moshi, jembamba, limesimama kando ya mfereji wa maji. Chini kulikuwa na chumba cha kupikia, chenye sufuria za shaba, ndoano kubwa ukutani ya kuvutia sukari ikiwa bado laini, na meza ndefu ya chuma ambayo maji baridi yalipita chini yake ili sukari iliyomwagwa juu ipoe upesi. Juu kulikuwa na wanawake wa kufunga pipi kwenye karatasi. Mimi niliwekwa chini, nimsaidie mpishi mkuu, mzee asiyesema sana, ambaye alikuwa na sigara mdomoni tangu anafika mpaka anaondoka. Ofisini alikuwepo Bi Joan, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye haraka. Na juu yetu sote alikuwepo baba yake. Hakuna aliyemwita Bwana Ketteridge. Walikuwa wamepita akina Ketteridge wengi mno pale, kwa hiyo kila mmoja aliitwa kwa jina lake la kwanza, Bwana Arthur, Bi Joan, na hili lilinifurahisha, maana ndivyo tunavyoitana kwetu na sikutegemea kulikuta London.

Chakula cha mchana tulikula pamoja katika chumba cha chini ya ardhi, kwenye meza moja, Bwana Arthur upande mmoja na sisi pande zote. Wao walikula nyama, viazi na kabichi iliyochemshwa mpaka ikasalimu amri. Mimi nilikula mkate wangu na yai. Hapo ndipo nilipoisikia historia ya kiwanda, kwa vipande, kutoka kwa Doris, mama mnene wa chumba cha kufungia aliyemwita kila mtu mwanangu, hata waliomzidi umri. Babu wa Bwana Arthur, alisema, alianza kwa kuuza pipi za kikohozi kwenye sinia, langoni pa bandari, kwa makuli waliokuwa wakikohoa vumbi la nafaka. Akafa mapema, na mjane wake ndiye aliyejenga jengo hili, si yeye, ingawa picha iliyotundikwa ukutani ni ya mume. "Mwanamume hutundikwa, mwanamke hufagia chini ya picha," akasema Doris, na Bwana Arthur akacheka huku akitafuna, kwa kuwa alikuwa amelisikia mara nyingi. Wakati wa vita sukari ilipimwa kwa kibali cha serikali, wakawa wanawapikia askari pipi za kikohozi peke yake. Bomu likaunguza paa. Kesho yake wakatoa sufuria uani wakapika mvua ikiwanyeshea. "Zile zilikuwa na maji kidogo," akasema Doris. "Zilikuwa nzuri," akasema Bwana Arthur.

Mwenzangu mimi wa mazungumzo alikuwa Odhiambo, Mkenya wa Kisumu aliyebeba magunia ya sukari mchana na kusoma uhasibu jioni. Aliniita Maalim tangu siku aliponikuta nikisali nyuma ya magunia, na hakuniita jina langu, Masoud, hata siku moja. Kiswahili chake hakikuwa changu, wala changu hakikuwa chake, lakini katika mji ule tulikipokezana kama ndugu wanaokunywa bakuli moja.

Kiwanda kilikuwa na desturi iliyoanzishwa na yule mjane. Kila asubuhi, pishi la kwanza, yaani sukari ya kwanza kupikwa siku hiyo, likishamwagwa mezani na kukatwa, kazi zote zilisimama. Wanawake walishuka kutoka juu, wanaume wakaacha magunia, tukajipanga upande mmoja wa meza. Upande wa pili alisimama mkubwa wa ukoo peke yake. Alichukua kipande kimoja, akakiweka mdomoni, akageukia dirisha asione nyuso zetu. Kisha akageuka akasema neno moja, "Itafaa." Hakusema nzuri, hakusema tamu. Asiposema itafaa alisema haifai, na pishi hilo lilirudishwa sufuriani likatiwa rangi nyeusi na anisi nyingi, kiungo chenye harufu kali, likawa pipi za kikohozi, kwa sababu anisi huficha makosa yote. Nilipokuwa mgeni desturi hii niliiona kama mchezo. Baada ya muda nikaielewa. Watu wale wote walikuwa wamekubali kwamba kabla ya kitu kutoka mlangoni na jina la nyumba juu yake, lazima mtu mmoja ajulikane aliyesema kinafaa.

Siku moja, majira ya baridi yalipokuwa yakiisha, mpishi alikosea chupa. Pishi lilikuwa la limau, la rangi ya manjano, naye akatia mafuta ya nanaa. Chumba kizima kikanuka nanaa hadi macho yakatuwasha. Hatukuwa na wasiwasi, kwa sababu mambo kama hayo hutokea. Tukajipanga, Bwana Arthur akachukua kipande, akageukia dirisha. Akakaa muda wake wa kawaida. Akageuka akasema, "Itafaa," akaenda zake ofisini. Hakuna aliyesogea. Doris alimtazama Bi Joan, Bi Joan akatazama meza. Baadaye aliizuia mizigo ile mlangoni mwenyewe, bila kusema na mtu.

"Maalim," Odhiambo aliniuliza uani, "huyu mzee amepoteza pua ama anatucheza?"

"Amekuwa na homa ya mafua wiki zile mbili," nikasema. "Labda haijamtoka."

"Homa iliisha zamani. Hasikii kitu, nakwambia. Na hapa hakuna mtu atamwambia. Mzungu hawezi kumwambia mwenzake ukweli kabla ya chai, na akishakunywa chai amesahau."

"Na wewe utamwambia?"

"Mimi? Mimi ni wa magunia."

Siku chache baadaye Bi Joan aliniita kwenye chumba kidogo cha nyuma, penye sinki la kuoshea vyombo. Hakuketi. Akaniuliza kama ni kweli sivuti sigara wala sinywi pombe. Nikasema ni kweli. Akasema kwamba katika jengo lote hakumjua mwingine wa namna hiyo, na kwamba ndimi za wengine, pamoja na wake mwenyewe, zilikuwa zimeungua zamani kwa moshi. Alitaka niwe nikionja pishi la kwanza kabla baba yake hajashuka. Likiwa sawa, niinamishe kichwa. Likiwa na kasoro, yeye na mpishi wangesema moto ulizima, na lingerudishwa kabla ya kufika mezani. Nanaa kila mtu aliinusa, akasema, lakini kuna makosa yasiyonuka: sukari iliyoshika chini kidogo, uchachu uliozidi, mafuta yaliyokaa sana.

Nikamuuliza kwa nini asimwambie baba yake.

"Alimzika mama yangu siku ya Alhamisi," akasema, "na Ijumaa alikuwa pale mezani akisema itafaa. Hana kitu kingine, Masoud. Nikimwondolea kile kipande, nimwache na nini?"

Nikakubali. Nilikuwa nimefundishwa kumstahi mtu mzima, na niliona kwamba hiyo nayo ni njia ya kumstahi. Basi msimu wa joto wote ukapita hivyo. Kila asubuhi nilisimama penye sinki nikaonja, nikainamisha kichwa au nikatikisa, na kila asubuhi mzee aligeukia dirisha na kusema neno lake. Mara mbili tatu moto "ulizima". Kiwanda kiliendelea. Mashangazi wa London waliendelea kununua pipi zao za limau. Nadhani kila mmoja katika mstari ule alijua, na kila mmoja aliamini kwamba ni mzee tu asiyejua.

Kisha ikaingia Ramadhani, mwaka ule ikaangukia majira ya baridi. Siku zilikuwa fupi. Odhiambo alisema ni Ramadhani ya wavivu, jua linachwa kabla njaa haijapata habari. Lakini mimi nilikuwa na swali la kweli, nalo ni la kuonja. Mwalimu wangu alitufundisha kwamba mpishi, au mama anayemtafunia mtoto, akionja kwa ncha ya ulimi kwa haja, kisha akatema na kitu kisipite kooni, swaumu yake haivunjiki, lakini pasipo haja ni jambo la kuchukiza. Nilikaa na swali hilo chumbani kwangu Kilburn mbele ya sahani ya wali. Je, heshima ya mzee mmoja ni haja? Niliona ni haja. Nikaazimia kuonja na kutema, kusukutua, na kuufuta ulimi kwa leso nisibakishe kitu. Bi Joan sikumwambia, nilidhani halimhusu.

Asubuhi moja katikati ya mwezi pishi lilitoka zuri sana. Nalikumbuka kwa sababu nilisikitika kulitema. Niliinamia sinki, nikatema, nikasukutua, nikausugua ulimi kwa leso, nikatema tena. Nilipoinua kichwa nikamwona Bwana Arthur uani, upande wa pili wa kioo cha dirisha, amesimama na koti lake, ananitazama. Alikuwa amefika mapema kupokea mzigo wa makaa ya mawe. Akaondoka dirishani.

Tukajipanga. Akachukua kipande, akakitia mdomoni, akageukia nje. Safari hii alikaa sana, mpaka nikawasikia wanawake wakibadilisha miguu. Akageuka.

"Haifai," akasema. "Irudishwe."

Mpishi alitoa sigara mdomoni, jambo ambalo sikuwa nimeliona. Pishi lilikuwa linanukia limau safi, kila mwenye pua alijua hivyo. Doris, ambaye kila asubuhi aliiba kipande kabla ya neno na wote tukijua, alikuwa na chake shavuni.

"Lakini ni nzuri, Bwana Arthur," akasema. "Inaishinda ya jana."

"Kijana huyu ameitema," akasema mzee. "Nimemwona kwa macho yangu. Ameitema mara mbili akapangusa ulimi kama aliyelamba sumu. Ina nini?"

Wote wakanitazama. Nilikuwa nimefunga, na ulimi wa aliyefunga haufai kwa uongo, wala wa mwingine haufai, lakini siku ile niliuhisi zaidi.

"Haina kitu, Bwana Arthur," nikasema. "Ni nzuri. Mimi nimefunga. Huu ni mwezi wetu wa kutokula mchana. Naruhusiwa kuonja, siruhusiwi kumeza."

Aliyafikiria hayo kwa utaratibu. Alikuwa mtu wa haki, na nilimwona akinikubalia swaumu yangu kabla hajafika kwenye swali lililofuata.

"Basi kwa nini unaonja?"

Siri hiyo haikuwa yangu, nikamtazama Bi Joan. Odhiambo alikuwa kando yangu, nikamsikia akivuta pumzi. Bi Joan akatoka kwenye mstari.

"Mimi nilimwomba, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya nanaa."

"Ilikuwa nanaa?" akauliza Bwana Arthur. "Nilijua kulikuwa na jambo siku ile. Nyuso zenu niliziona kwenye kioo. Hamjui kwamba dirisha lile linaonyesha?" Akakitoa kile kipande mdomoni, akakiweka ukingoni mwa meza. "Tangu ile homa, mdomoni mwangu kila kitu ni kama jiwe. Nyama, chai, hii. Kila asubuhi nimesimama hapa nikingoja mmoja wenu aniambie, Arthur, inatosha. Nikasema, siku nikiambiwa, nitaondoka. Hamkuniambia. Nikaona labda mnanihitaji niseme tu."

"Tulidhani hujui," akasema Bi Joan. Alikuwa analia bila kujifuta.

"Nami nilidhani nyinyi hamjui," akasema, "mpaka hiyo nanaa. Baada ya hapo nikadhani mnanihurumia, nikaona aibu kuwaambia kwamba najua."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimefundisha watoto wa watu dini yao katika vyumba vya kukodi vya mji huu, na nimekaa na wagonjwa wengi ambao jamaa zao walinong'ona mlangoni kwamba mgonjwa asijue. Karibu kila mara mgonjwa alikuwa anajua. Kumstahi mtu na kumficha ni vitu viwili tofauti, na mpaka wake ni mwembamba kama uzi. Simlaumu Bi Joan, alifanya kwa mapenzi. Lakini nilichoona mezani pale ni mzee aliyeachwa peke yake na watu waliompenda, kila asubuhi, kwa mwaka mzima karibu, wakiwa hatua chache mbele yake.

Bwana Arthur alizunguka meza. Akaja akasimama kati yangu na Odhiambo, kwenye mstari wa wafanyakazi, akamwambia binti yake aende upande ule. Bi Joan akaenda. Akaonja, akageukia dirisha, akakaa, kisha akatugeukia. Alisema itafaa kwa sauti ndogo hata baba yake akamwambia aseme tena, wa nyuma hawakusikia. Akasema tena. Wanawake wakapanda juu, sisi tukarudi kwenye sufuria. Toka siku hiyo Bi Joan alianza kuacha sigara ili ulimi wake upone, ingawa ilimchukua mpaka karibu na Pasaka na hasira zake tulizivumilia wote.

Siku hiyo hiyo jua lilipochwa, wakati wa chai ya pili, niliketi peke yangu chumba cha nyuma kufuturu, kama kawaida. Nilikuwa na tende chache kwenye karatasi na bilauri ya maji ya bomba. Bwana Arthur akaingia akaomba ruhusa ya kuketi, katika jengo lake mwenyewe. Alinitazama nikisoma dua, nikala tende, nikanywa. Hakuuliza juu ya dini. Aliuliza kitu kimoja.

"Baada ya siku nzima," akasema, "yale maji ya kwanza yana ladha gani?"

Nilitaka kumpa jibu zuri, kwa kuwa nilikuwa kijana niliyesoma, lakini nilipotafuta sikulipata. "Hayana ladha, Bwana Arthur," nikasema. "Ni baridi tu. Unayasikia yanashuka mpaka kifuani."

"Ah," akasema. "Hilo hata mimi nalipata."

Akanyoosha mkono. Nikajaza bilauri bombani, nikampa, naye akanywa polepole, macho yameinama, mkono mmoja ameuweka kifuani.